Wanafalsafa wa kale au walimu wa Kanisa: uanzie wapi kusoma maadili?

Mtu wa Mwanza akitaka kujifunza maadili, njia ya kwanza anayoonyeshwa ni ya kanisani: amri kumi, katekisimu, mahubiri ya Jumapili au ya Sabato. Njia ya pili huja baadaye, wengi wakiwa chuoni: wanafalsafa wa Kigiriki kama Socrates, Plato na Aristotle, na Wastoa, waliofundisha kuishi kwa kufuata akili na maumbile. Kule Malimbe kuna chuo kikuu kizima kinachobeba jina la Mtakatifu Augustino, na Augustino mwenyewe, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, alipita kwa Cicero, mwanasiasa na mwanafalsafa wa Roma, kabla hajafika kwa Paulo. Kwa hiyo si ajabu vijana wakauliza: nianze na nani?

Jibu la haraka la mtaani ni kwamba Ukristo umebana na falsafa imelegea. Anayetaka maisha manyoofu aende kanisani, anayetaka mabishano aende kwa Wagiriki. Sikubaliani nalo. Pa kulipimia si kwenye mambo makubwa ya kuua na kuzini, ambako wote husema karibu yale yale. Tulipimie kwenye bei ya chakula.

Chombo cha nafaka

Mwaka 44 KK, Cicero alimwandikia mwanawe kitabu kuhusu wajibu (De Officiis). Katika sehemu ya tatu anaweka kisa hiki. Mfanyabiashara mwema ametoka Alexandria na shehena ya nafaka, anatia nanga kisiwa cha Rhodes. Kisiwani kuna njaa, bei imepanda vibaya. Njiani ameziona meli nyingine zimejaa nafaka, nazo zinakuja Rhodes. Je, awaambie watu wa kisiwani, au anyamaze auze kwa bei aliyoikuta?

Weka Ukerewe mahali pa Rhodes, na mahindi mahali pa ngano. Ziwa limechafuka siku kadhaa, vyombo vimezuiliwa, wewe umebahatika kufika wa kwanza. Nyuma yako umeacha mitumbwi mitatu ya injini ikipakia. Muulize mtu yeyote anayeshinda pale mwalo wa Kirumba akinunua na kuuza, atakujibu bila kufikiri: "Kaka, biashara ni siri." Naye hana roho mbaya. Anaona tu kwamba hakuna uongo uliosemwa.

Hivyo ndivyo alivyosema Diogenes wa Babeli, Mstoa, kwa mujibu wa Cicero: kutosema si sawa na kuficha. Muuzaji aseme kasoro za mali yake kadiri sheria ya nchi inavyomtaka, asidanganye, na zaidi ya hapo ana haki ya kutafuta bei nzuri. Mwanafunzi wake, Antipater, alipinga. Ulizaliwa uwe na faida kwa wenzako, alisema. Faida yako ni faida ya wote, na ya wote ni yako. Utawezaje kuwanyamazia watu jambo linalohusu tumbo lao? Cicero anahukumu upande wa Antipater. Mtu huyu anaficha, anasema, maana kuficha ndiko huko: kutaka wenzako wasijue, kwa faida yako, jambo ambalo lingewafaa kulijua. Kisha anauliza ni mtu wa namna gani afanyaye hivyo, na majina anayompa hayapendezi.

Sasa vuka miaka 1,300. Thomas Aquinas, mtawa wa Kidominiko, mwanateolojia ambaye Kanisa Katoliki limemtegemea kuliko karibu wote, anagusa kisa hicho hicho katika kitabu chake kikuu, Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 77, linalohusu udanganyifu katika kuuza na kununua. Ungetegemea mtakatifu awe mkali kuliko mpagani. Thomas anasema muuzaji anayeuza kwa bei anayoikuta, bila kutaja meli zinazokuja, haonekani kuvunja haki. Akisema, au akipunguza bei, atakuwa ametenda wema mkubwa zaidi. Lakini si deni la haki.

Mpagani amebana, mtakatifu amelegeza!

Wanaosimulia kisa hiki wengi huishia hapo. Sababu ya Thomas ndiyo yenye mafunzo. Kwake, kasoro iliyomo ndani ya mali sasa hivi ni jambo moja, na bei itakayoshuka kesho ni jambo jingine. Kesho haijafika, meli zinaweza kuchelewa. Mahindi yako ni mahindi kweli, na leo yana thamani hiyo kweli. Lakini kasoro iliyofichika, yenye kumtia mnunuzi hasara au hatari, lazima uiseme, na kwa hilo hana huruma. Kwa hiyo gunia la dagaa lililotiwa mchanga, au lile lenye dagaa wakavu juu na wabichi katikati, haliponi kwa Cicero wala kwa Thomas. Tofauti yao inabaki kwenye taarifa, si kwenye mali.

Mimi namfuata Cicero kuhusu mtu, na Thomas kuhusu kesi. Ukiwa hakimu au mwenyekiti wa soko, usimtoze faini mtu kwa kunyamaza. Ukiwa baba wa kijana anayetaka kuoa binti ya mfanyabiashara huyo, nakushauri uulize alifanya nini siku ile kisiwani. (Simu zimekiua kisa chenyewe kwa sehemu kubwa. Kabla hujafunga kamba gatini, mtu wa Nansio ameshaongea na shemeji yake aliyeko Mwanza, na idadi ya mitumbwi inayokuja anaijua kuliko wewe.)

Hapo unaona mapema kile kila upande unachokitafuta. Mwanafalsafa wa kale anauliza: tendo hili linanifanya mtu wa aina gani? Thomas, pamoja na kuuliza hilo, anauliza pia: nawiwa nini, na nani, na mpaka wapi? Hilo la pili ni swali la sheria, na Ukristo umelirithi kutoka Sinai.

Sheria inatoka wapi

Hapa watu hukuza tofauti kuliko ilivyo. Cicero huyo huyo, katika kitabu chake kuhusu dola, aliandika kwamba sheria ya kweli ni akili nyoofu inayopatana na maumbile, tena haitakuwa moja Roma na nyingine Athens. Karibu miaka 100 baadaye Paulo anawaandikia Warumi kwamba mataifa wasio na Torati huyatenda ya Torati kwa asili, kwa kuwa imeandikwa mioyoni mwao (Rum. 2:14-15). Alipofika Athens alijadiliana na Waepikureo na Wastoa, na pale Areopago akawanukulia mshairi wao wenyewe (Mdo. 17). Tertullian, mwandishi Mkristo Mwafrika wa Carthage, ndiye aliyeuliza kwa ukali Athens ina uhusiano gani na Yerusalemu, na wapo wahubiri hadi leo wanaompenda kwa swali hilo.

Tofauti iliyopo ni ya mtoa sheria. Mungu wa Wastoa ni akili iliyoenea ndani ya ulimwengu. Unapatana naye kama unavyopatana na majira. Mungu wa Musa anasema "usiibe", na ukiiba unakuwa umemkosea yeye aliyekuita kwa jina. Ndiyo maana mwanafalsafa huzungumzia kosa, na Mkristo huzungumzia dhambi.

Lina maana gani hili kwa mtu wa ziwani? Chukua kokoro na nyavu za timba, ambazo sheria ya uvuvi imezipiga marufuku, au sangara mchanga chini ya sentimita 50. Mara nyingi utasikia mwaloni kwamba "hiyo ni sheria ya serikali, si dhambi". Aristotle anagawanya haki sehemu mbili: iliyo ya asili, ambayo kama moto huwaka sawasawa Ugiriki na Uajemi, na iliyowekwa na watu, ambayo kabla haijawekwa ingeweza kuwa hivi au vile, lakini ikishawekwa si vile tena. Kwamba ziwa lisimalizwe ni ya kwanza. Ukubwa wa tundu la wavu ni wa pili. Thomas anachukua mgawanyo huo na kuongeza neno ambalo mvuvi Mkristo hawezi kulikwepa: sheria ya wanadamu iliyo ya haki, iliyowekwa na mwenye mamlaka kwa manufaa ya wote, inafunga dhamiri. Siyo kukimbia doria tu. Ni jambo la kwenda nalo kwenye maungamo. Na kwa upande wa pili, anamrudia Augustino aliyesema kwamba sheria isiyo ya haki haionekani kuwa sheria. Kwa hiyo mvuvi anayeona mzigo wote umemwangukia mwenye mtumbwi mdogo huku mkubwa akiachwa, naye amepewa hoja. Lakini athibitishe kwanza kwamba ni dhuluma, si usumbufu.

Kwa Wasabato, ambao ufukwe huu unao kwa wingi, kuna jambo la pembeni. Thomas anazigawa amri za Agano la Kale kuwa za maadili, za ibada na za kihukumu, kisha anasema amri ya Sabato ni ya maadili kwa kutenga muda wa Mungu, na ya ibada kwa kutaja siku yenyewe. Msabato hatakubali, na ana Biblia yake mkononi ya kujibu. Ila atajua ni wapi hasa wanapoachana, badala ya kulaumu Wakatoliki jumla.

Shehena baharini

Kuna jambo moja ambalo kwangu Aristotle hana mshindani: kupima hiari. Mwanzo wa kitabu cha tatu cha maadili yake (Nicomachean Ethics) anauliza kuhusu nahodha anayetupa shehena majini wakati wa dhoruba. Hakuna atupaye mali yake kwa kupenda. Lakini kuokoa watu wa chomboni, kila mwenye akili atatupa. Je, ametenda kwa hiari? Anajibu kwamba matendo haya yamechanganyika, ila yanaelekea zaidi kwenye hiari, kwa kuwa saa ile ile alichagua. Thomas alipofika hapo alikichukua kisa kama kilivyo na kukitumia.

Wengine wanafikiri ni mchezo wa darasani. Kwetu si mchezo. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na Ukara. Mara zote mbili watu walikuwa wamezidi uwezo wa chombo, na waliokufa ni mamia. Ukisoma Aristotle unajifunza kutokubali kwamba swali linaanzia dhoruba ilipopiga. Anasema mlevi anawajibika kwa alichokitenda asijijue, kwa sababu ulevi wenyewe aliuanza akijijua. Vivyo hivyo anayejikuta njia panda ya kutisha huulizwa jinsi alivyofika hapo: nani aliyepakia, nani aliyeona akanyamaza gatini, nani aliyejua chombo kinabeba wangapi. Na abiria aliyejisukuma ndani akijua kimejaa naye yumo, kwa kiasi chake. Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya ajali hurukia mapenzi ya Mungu haraka mno. Katika hilo Mgiriki ananifaa kuliko wahubiri, na nadhani Thomas angekuwa upande wangu.

Aliyeshindwa

Sasa upande ambao falsafa inayumba.

Aristotle anaamini wema ni mazoea. Unakuwa jasiri kwa kutenda ya ujasiri, mwenye kiasi kwa kujizuia tena na tena, hadi uchukie kinyume chake. Sisi tumesema samaki mkunje angali mbichi, na yeye anasema kulelewa hivi au vile tangu utotoni si tofauti ndogo, ni tofauti yote. Vizuri. Je, aliyekwisha kukauka? Kijana aliyekulia kambini kisiwani, akaanza pombe kali mapema, akawa baba wa watoto watatu kwa mama watatu, leo ana miaka 35 na anataka kubadilika? Aristotle anasema wazi kwamba hotuba za maadili hazimfai anayeongozwa na tamaa. Zinamfaa aliyelelewa vizuri tayari. Ana uchambuzi mzuri mno, katika kitabu cha saba, wa mtu anayejua jema na kufanya baya. Anamweleza ugonjwa wake kinaganaga. Dawa ni chache.

Wastoa wanakuambia limo mikononi mwako. Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, ana haki ya kusema hivyo kuliko mtu aliyeshiba. Lakini ukishajaribu ukaanguka, anakurudisha pale pale: jaribu tena, limo mikononi mwako.

Paulo anaanza mahali ambapo hao wanaishia: "lile jema nilipendalo, silitendi" (Rum. 7:19). Na Augustino anaeleza maisha yake hivyo. Alipokuwa kijana wa miaka 16 aliiba mapeasi ambayo hata hakuyahitaji, akayatupia nguruwe. Katika ujana wake huo huo aliomba: nipe usafi wa moyo na kujizuia, lakini si sasa hivi. Nimeona watu wakicheka wakisikia sala hiyo, kisha wakanyamaza. Kuhusu vitabu vya wanafalsafa wa Plato alivyovisoma, anasema viliweza kumwonyesha nchi ya amani kwa mbali, kutoka kilele chenye msitu, ila njia ya kuifikia havikuwa nayo. Njia kwake ni neema: Mungu anatoa kile anachoamuru. Hakuna Mgiriki aliyesema hivyo, na ukiwa na shida ya aina hii, unaweza kusoma Aristotle miaka kumi ukabaki ulipo ukiwa na msamiati mzuri zaidi.

Lipo na suala la cheo. Mtu bora wa Aristotle, mwenye nafsi kubwa, anajiona anastahili makuu na kweli anastahili. Huona haya kupokea wema, hufurahia kutoa. Ukimwona mwaloni utamwita tajiri mwenye nyumba ya ghorofa Capripoint na hutakosea sana. Yesu aliosha miguu ya wanafunzi wake. Pia Aristotle aliamini wapo watu walio watumwa kwa maumbile yao, wakati Augustino alisema utumwa umetokana na dhambi, si na maumbile ya mtu. Sitaki kuwatukuza Wakristo hapa; waliishi na utumwa karne nyingi wakiwa na maneno hayo ya Augustino kwenye rafu. Lakini kwa kitabu dhidi ya kitabu, cha Augustino kiko juu.

Basi uchague nini

Kiongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni), mweka hazina wa VICOBA, mwenye duka, mtu ambaye shida yake ya kila siku ni "hili ni halali au si halali, na ni kwa kiasi gani": aanze na Cicero, sehemu ya tatu ya kile kitabu cha wajibu, kisha swali la 77 la Thomas. Tafsiri za Kiingereza za vitabu vyote hivi zinapatikana bure mtandaoni, na kurasa zenyewe ni chache.

Mwalimu na mzazi: Aristotle, kitabu cha pili hadi cha nne. Cha tano kuhusu haki kina maeneo magumu, msivunjike moyo. Cha nane na cha tisa ni kuhusu urafiki, na ni vitamu.

Mtu anayejua jema tayari na amechoka kushindwa asipoteze muda na yeyote kati ya hao. Asome kitabu cha nane cha Maungamo ya Augustino, na Warumi 7 na 8 pembeni.

Mlutheri ajue kwamba Martin Luther aliandika mwaka 1517, wiki chache kabla ya zile hoja 95, kwamba karibu kitabu chote cha maadili cha Aristotle ni adui mbaya wa neema. Kwake kufanya ya haki hakumfanyi mtu kuwa mwenye haki; kinyume chake, akishafanywa mwenye haki ndipo anatenda ya haki. Ukiwa wa KKKT na mchungaji wako akakunja uso ukimtaja Aristotle, kuna historia nyuma ya uso huo. Bado nasema msome, ila anza na Warumi, ili ujue Luther alikuwa anaogopa nini.

Msomaji Mwislamu hayuko ugenini pia. Thomas alimsoma Aristotle kwa msaada wa maelezo ya Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki 1198, na mara nyingi alipomtaja alimwita tu Mfafanuzi, kana kwamba hakuna mwingine.

Na kama wewe ni katekista unayeandaa vijana wa kipaimara, usiwape lolote kati ya haya kwanza. Wape kisa cha chombo cha nafaka bila majina, waache wabishane, uandike ubaoni nani amesema nini. Katika darasa la vijana 20 watakuwepo kina Diogenes wengi, Antipater wawili watatu, na pengine msichana mmoja aliyekaa nyuma atakayesema kwamba inategemea kama meli zile zitafika kweli. Huyo mpe Thomas akasome nyumbani.